Hotuba inasema maadili, kanuni inasema lipa: tuongee kuhusu wanasiasa na watu wanaoandika wenyewe mtandaoni

Kalamu ya Mbao (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite arudi usiku.

Nimekuwa nafuatilia sana jinsi wanasiasa wetu wanavyowaongelea watu wanaojiandikia wenyewe mtandaoni, yaani wale wa blogu, wa kurasa za Facebook, wa chaneli za WhatsApp na Telegram, vijana wa YouTube wenye simu moja tu, watu wasio na mhariri wala ofisi wala mwajiri. Kuna kitu kimenikaa rohoni nataka tukijadili kwa uzito wake. Hotuba zote zinaongelea matusi, picha za utupu, uongo, uchochezi, mmomonyoko wa maadili, watoto kuharibika. Sawa. Halafu unaenda kusoma kanuni iliyotoka baada ya hotuba unakuta kinachodaiwa ni hela. Fomu, ada ya maombi, ada ya leseni, ada ya mwaka, cheti cha kodi. Mtukanaji mwenye hela anapita, na mwalimu wa kijijini anayeandika habari za bomba la maji lililokauka bila kumtukana mtu anabaki nje. Sasa hii kanuni imetungwa kwa ajili ya nani?

Tuanze na kwetu maana wengi humu tulikuwepo. Agosti 2017 aliyekuwa naibu waziri wa mawasiliano, Edwin Ngonyani, alisimama akaisifia China kwamba wenzetu wameweza kuzuia mitandao ya nje wakaweka ya kwao iliyo salama na yenye kujenga. Miezi kadhaa kabla ya hapo, Machi 2017, Rais Magufuli alishawaambia wamiliki wa vyombo vya habari wawe makini, kama wanadhani wana uhuru wa kiasi hicho basi haufiki huko. Ndo hali ya hewa ilivyokuwa. Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni chini ya ile sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, EPOCA. Mwenye blogu au jukwaa: maombi Sh 100,000, leseni ya kuanzia Sh 1,000,000, na ada ya mwaka Sh 1,000,000. Jumlisha, ni milioni mbili na laki moja kabla hujaandika hata sentensi moja. Kwa dola za wakati ule ilikuwa kama 930, ambayo inakaribia pato la wastani la Mtanzania mmoja kwa mwaka mzima. Ukikaidi, faini isiyopungua Sh 5,000,000 au jela isiyopungua miezi 12 au vyote viwili.

Na fomu yenyewe. Mtu binafsi anayeandika sebuleni kwake anaulizwa wakurugenzi ni wangapi, mtaji wa hisa ni kiasi gani, gharama za uwekezaji, mipango ya kukuza biashara huko mbele. Yaani aliyeitunga fomu kichwani mwake kulikuwa na kampuni tu, hakuwahi kumfikiria mtu mwenye kalamu na jambo la kusema. Au alimfikiria vizuri sana, hapo kila mtu aamue mwenyewe.

Humohumo kwenye kanuni kukawa na kamera za CCTV kwenye intaneti kafe, simu lazima iwe na nywila, na katazo la maudhui yanayosababisha "kero". Kero! Nani anapima kero? Diwani akisoma posti inayouliza hela za zahanati zimeenda wapi atakereka, lazima akereke, ndo kazi ya ile posti.

Mwanzoni mwa Mei 2018 mashirika ya haki za binadamu na ya wanahabari pamoja na wenye jukwaa la mtandaoni la JamiiForums wakaenda Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda, tukapumua. Mwisho wa mwezi huohuo zuio likaondolewa. Juni mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikatoa tangazo kwamba wasio na leseni waache kuchapisha na mwisho ni tarehe 15, JamiiForums wakazima mtambo kwa muda. Wengine walifunga moja kwa moja. Aikande Kwayu, mtafiti na msomi anayeheshimika, naye alisimamisha blogu yake. Sasa niambieni Aikande Kwayu alikuwa anamtukana nani? Alikuwa anaweka picha gani za utupu?

Hoja yangu ni hiyo moja. Ukitaka kujua mwanasiasa anamwogopa nani, iache hotuba, soma jedwali la ada mwishoni mwa kanuni. Karibuni.

Mama wa Kigamboni

Mleta uzi umeandika vizuri ila mimi naongea kama mzazi. Kuna binti wa jirani yangu alirushiwa picha zake na mwanaume aliyeachana naye, zikazunguka kwenye magrupu mpaka shuleni, yule mtoto alihama mkoa. Kuna kurasa zinatangaza watu wamekufa na wapo hai. Wanawake wakigombea uongozi wanaandikwa vitu ambavyo siwezi kuvirudia hapa. Nyie wanaume mnaojua kuandika mnaona uhuru, sisi tunaona mtoto analia chumbani. Serikali ikisema itadhibiti mimi siwezi kuipinga moja kwa moja.

Kalamu ya Mbao

Mama shikamoo, na pole kwa yule binti, hilo ni jeraha la kweli na sitalipunguza hata kidogo.

Ila naomba tuangalie jambo moja. Aliyesambaza zile picha alikuwa na blogu? Alikuwa na jukwaa? Alitumia WhatsApp kama watu wote, na leseni ya milioni mbili isingemgusa. Anayemgusa ni sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, ambayo ilikuwepo miaka mitatu kabla ya hizi kanuni. Ponografia imo, unyanyasaji wa mtandaoni umo, taarifa za uongo zimo tena kwa adhabu nzito. Kilichotakiwa kwa yule binti ni askari wa kituo cha jirani anayejua kupokea malalamiko ya namna hiyo bila kumuuliza "na wewe kwa nini ulipiga hizo picha". Anahitaji upelelezi na mwendesha mashtaka. Hayo yote yana gharama kwa serikali, wakati leseni inaingizia serikali hela, nadhani unaona kwa nini moja linafanyika haraka na lingine linasuasua.

Kinachoniuma ni kwamba machozi ya yule mtoto ndo yanatumika kwenye hotuba, halafu kanuni ikitoka yeye hapati kitu, anayepatikana ni mtu aliyeuliza kuhusu tenda ya barabara.

Mhandisi Masafa

Mimi nipo kwenye mambo ya utangazaji. Redio zinalipa leseni, TV zinalipa, magazeti yanasajiliwa na yanalipa kodi na mishahara. Blogu inachukua habari zetu inazibandika inapata matangazo, hailipi kitu. Usawa uko wapi hapo? Au sheria ni kwa wenye majengo tu?

Kalamu ya Mbao

Mkuu swali zuri na linaulizwa kwa nia njema. Redio inalipia masafa. Masafa ni mali ya umma na yana kikomo, Dar nzima hamuwezi kurusha wote kwenye 88.5 mkaelewana, kwa hiyo lazima mtu agawe na lazima mtu alipie, hilo halina ubishi na wewe unalijua kuliko mimi. Blogu haichukui nafasi ya blogu nyingine. Nikifungua yangu leo ya kwako haipungui hata nukta. Kwa hiyo ile sababu ya msingi ya leseni ya utangazaji haipo, inabaki sababu nyingine tu, ya kuchagua nani aongee.

Wanaoiba habari na kubandika, hakimiliki ipo, tuwashtaki. Wanaopata matangazo, TRA wapo, walipe kodi ya kipato kama muuza duka. Mimi sipingi kodi kwenye faida. Mtu asiyepata hata senti, anayenunua bando kwa hela yake ya mboga ili aeleze jambo, huyo analipia nini?

Wa Likoni

Jameni Watanzania msidhani ni nyinyi pekee, hii kitu sisi Kenya tuliionja kabla hata ya mitandao. Nairobi miaka ya tisini kulikuwa na vijigazeti vya kuuzwa barabarani, karatasi chache, wino unaotoka mkononi, vinaandika kashfa za mawaziri. Vingine vilikuwa na uongo ndani, ni ukweli, vingine vilifichua mambo makubwa ambayo magazeti makubwa yaliogopa. Wanasiasa wakaviita magazeti ya mtaroni. Kila siku bungeni ni mtaroni mtaroni, heshima za watu zinachafuliwa, familia zinavunjika.

Basi 2002, serikali ya Moi ikielekea ukingoni, wakapitisha marekebisho ya sheria ya vitabu na magazeti. Dhamana ya kuweka kabla ya kuchapisha ilikuwa KSh 10,000 ikapandishwa hadi KSh 1,000,000. Mara mia moja! Na wakamfuata mpaka muuzaji pale barabarani, akikutwa anauza gazeti ambalo halijatimiza masharti faini KSh 20,000 au jela miezi sita. Yule kijana wa magazeti pale Tom Mboya Street atajuaje kama mchapishaji ameweka dhamana? Hawezi. Atakachofanya ni kukataa kulibeba. Ndo hesabu ilivyokuwa, hawana haja ya kumfunga mwandishi kama kila mkono utakaobeba karatasi yake unaogopa.

Nation na Standard milioni moja haiwasumbui, wanaitoa asubuhi wanaendelea na chai.

Halafu 2019 mbunge wa Malava, Malulu Injendi, akaleta mswada kwamba blogger awe na leseni na admin wa grupu la WhatsApp naye awe na leseni. Admin! Mamangu ni admin wa grupu la chama chao cha akina mama. Mswada haukupita lakini fikra yenyewe haijafa, inaamka kila tukikaribia uchaguzi.

Mzee wa Ilala

Wanangu nimesoma yote. Niruhusuni niongeze kitu ambacho vijana wengi hawakijui.

Mwaka 1937 hapa Dar es Salaam kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Erika Fiah, asili yake Uganda, mwenye duka. Si mwandishi wa kusomea. Akaanzisha gazeti lake la Kiswahili, Kwetu, akaandika mambo ya Waafrika kwa jicho la Mwafrika, bei za mazao, mishahara, ubaguzi. Wakati huo kulikuwa na sheria ya magazeti ya mkoloni ya 1928, usajili na dhamana, na serikali ilikuwa na gazeti lake yenyewe la Kiswahili, Mambo Leo, lililokuwa na hela na mashine nzuri. Fiah alijikongoja na Kwetu yake kwa miaka zaidi ya kumi. Wakubwa hawakumpenda. Walimwona mtu wa kelele.

Halafu njooni kwa Mwalimu mwenyewe. Mwaka 1957 serikali ya mkoloni ilimzuia kuhutubia mikutano ya hadhara. Akafanya nini? Akaanzisha Sauti ya TANU, karatasi za kudurufu kwa stensili, anaandika mwenyewe, anahariri mwenyewe, zinagawiwa mkono kwa mkono. Kwa maneno ya leo Nyerere alikuwa blogger. Hakuwa na kampuni, hakuwa na wanahisa. Mwaka 1958 akaandika humo kuhusu maofisa wawili wa wilaya wa Kiingereza, akashtakiwa kwa kashfa, akatetewa na wakili mkubwa kutoka Uingereza, D. N. Pritt, na bado akatiwa hatiani. Faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa faini. Mwaka huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, wao walifungwa kabisa, uchochezi.

Uchochezi. Neno lilelile mnalolisikia leo kwenye taarifa ya habari. Mkoloni aliondoka akaliacha, sisi tukalichukua likiwa zima na sheria zake. Ile ya 1928 ilikaa mpaka 1976 ndo ikaja ya kwetu, na hiyo ya kwetu ikampa waziri uwezo wa kufungia gazeti kwa kalamu yake. Mimi nilikuwa kijana nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, najua tulivyokuwa tunaogopa kupokea kazi ya mtu tusiyemjua, hata mwaliko wa harusi ukiwa na shairi refu msimamizi anauliza hili shairi lina maana gani.

Kalamu ya Mbao

Mzee wangu shikamoo, asante sana. Hiyo ya Sauti ya TANU nitaomba kila mwanasiasa anayeweka picha ya Mwalimu ukutani ofisini kwake aisome. Kwa kanuni za 2018 Sauti ya TANU ingekuwa mtandaoni ingetakiwa kulipa milioni mbili na laki moja, ingejaza fomu ya wakurugenzi, na ile makala ya ma-DC ingetakiwa ishushwe ndani ya saa 12.

Korosho Tupu

Mi natokea Newala. Nilikuwa na kablogu kadogo naandika mambo ya korosho, bei za mnada, chama cha msingi kimekata nini, pembejeo zimefika au hazijafika, mkulima wa kijiji kimoja amelipwa wa kijiji kingine bado. Hakuna gazeti linaloandika hivyo vitu kwa undani, wao wanaandika tani ngapi nchi nzima basi. Wasomaji wangu wengi walikuwa watoto wa wakulima walioko Dar, wanasoma halafu wanawapigia wazee nyumbani wanawaambia mzee usisaini hiyo karatasi subiri kwanza.

Kanuni zilipotoka nikasema labda mimi hainihusu mimi ni mtu mdogo. Nikaenda kuuliza kwenye ofisi moja nikaambiwa inakuhusu. Nikauliza kama naweza kulipa kidogokidogo yule ofisa akacheka. Nikafuta posti zote usiku ule maana nilisikia hata za zamani zinaweza kuwa ushahidi, sijui kama ilikuwa kweli lakini nilikuwa na mke na mtoto mchanga siwezi kujaribu. Mwaka huohuo ndo mambo ya korosho yakachafuka mpaka jeshi likaja kubeba, Novemba, mtakumbuka. Ule ndo ulikuwa wakati wa kuandika kila kilo imeenda wapi na nani amelipwa. Mimi nikawa nimekaa kimya na daftari langu.

Hakuna aliyenikamata wala aliyenitisha. Ile karatasi ya ada tu ilitosha.

Mama wa Kigamboni

Mwanangu Korosho pole. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi nilikuwa nawaza wale wa umbea.

Rafiki wa Mbarara

Habari wapendwa, Kiswahili changu ni cha Uganda mtanisamehe. Hapa kwetu rais aliandika barua kwa waziri wa fedha Machi 2018, akasema matumizi ya intaneti ya elimu na utafiti yasitozwe, lakini lugambo ilipe kodi, sababu serikali inahitaji pesa ya kushughulikia matokeo ya lugambo. Lugambo ni umbea. Halafu Julai ikaja kodi, shilingi 200 za Uganda kila siku ndo ufungue WhatsApp, Facebook, Twitter. Sasa ile mashine ya kodi haiwezi kujua kama wewe unaongea lugambo au unamuuliza daktari, inakata wote. Mwanafunzi analipa, muuza nyanya analipa. Watu wakaweka VPN. Mwaka 2021 wakaiondoa wakaweka asilimia 12 kwenye data, ingawa sheria ilisema data ya huduma za elimu na za matibabu isitozwe.

Sheria Kwanza

Nyie wote mnaongea habari za 2018. Tumeshatoka huko. Rais Samia aliingia, Februari 2022 aliyekuwa waziri wa habari, Nape Nnauye, akayarudishia leseni magazeti manne, Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, kanuni za maudhui zikarekebishwa, ada zikapunguzwa. Mnataka nini kingine? Nchi haiwezi kuendeshwa kila mtu anaandika anachotaka. Hata Ulaya kuna sheria. Mleta uzi unafukua makaburi.

Kalamu ya Mbao

Mkuu nakujibu kwa heshima na kwa urefu maana hapa ndo kiini cha uzi.

Ada kupungua ni jambo jema na nalikubali mchana kweupe, na magazeti manne kurudi nilishangilia. Lakini hebu tazama kilichobaki. Kilichobaki ni leseni yenyewe. Ada ni mlango wa kuingilia, leseni ni kamba, unaingia nayo shingoni. Bei ya kamba ikishuka kamba haijafunguliwa.

Oktoba 2024 Mwananchi Communications, kampuni kubwa, ina wanasheria, ina kila karatasi, leseni zake za mtandaoni zilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video iliyogusa habari za watu kupotea. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ikasimamishwa siku 90, sababu zilizotolewa ni maudhui ya kupotosha na kumdhalilisha rais. Hao ni wakubwa waliolipa kila kitu. Sasa Korosho Tupu wa Newala akilipa hiyo ada iliyopungua amenunua nini? Amenunua haki ya kusimamishwa. Kabla ya leseni, serikali ikitaka kumnyamazisha ilibidi imshtaki, iseme kosa ni lipi, ilete shahidi, hakimu asikilize. Mwalimu mwaka 1958 pamoja na ukoloni wote alipewa kesi! Alisimama mahakamani na wakili wake, akauliza maswali, magazeti yakaandika. Kwenye leseni hakuna hakimu pale mwanzoni, kuna barua ya mdhibiti. Unazimwa kwanza halafu ndo utafute pa kulalamika, na habari yenyewe ikiwa imeshapoa.

Ulaya kuna sheria, kweli kabisa, nenda kaangalie ni zipi. Uingereza walishajaribu hii njia. Mwaka 1819 waliweka muhuri wa kodi wa peni nne hata kwenye vijarida vidogo vya bei rahisi vilivyosomwa na wafanyakazi, pamoja na dhamana ya mchapishaji, na sababu walizoandika kwenye sheria ni hizihizi, kwamba vinachochea chuki dhidi ya serikali na dini. Watu walichapisha bila muhuri wakafungwa kwa mamia. 1836 wakashusha hadi peni moja, 1855 wakaifuta. Kwa hiyo wao walikaa kwenye "ada imepungua" karibu miaka ishirini kabla ya kuelewa kwamba tatizo halikuwa bei. Cha kusikitisha wakati wameshafuta kwao wakaja kutuwekea sisi usajili na dhamana huku.

Na kuhusu "kila mtu anaandika anachotaka", hakuna aliyesema hivyo humu. Kashfa ni kosa. Picha za mtoto ni kosa kubwa. Kuitisha watu wakachome nyumba za kabila fulani ni kosa, na sisi tunaoishi jirani na Rwanda hatuna haki ya kulichukulia hilo kirahisi. Ila kumbuka RTLM, iliyochochea mauaji ya kimbari kule Rwanda, ilikuwa redio ya wakubwa, yenye wanahisa wenye vyeo na ulinzi wa wenye madaraka. Haikuwa blogu ya mtu mmoja. Hatari kubwa kwenye ukanda huu ilitoka kwa waliokuwa karibu na dola, na hao leseni haiwazuii.

Mhandisi Masafa

Hiyo ya RTLM ni kweli na inauma. Nakubaliana na wewe kwenye leseni kuliko nilivyodhani mwanzo. Bado nasema wanaopata matangazo ya mamilioni wasajiliwe.

Kalamu ya Mbao

Wasajiliwe kama biashara mkuu, BRELA na TRA, kama saluni na gereji. Hapo tupo pamoja.

Dada Mpole

Swali la kijinga labda. Mimi nina chaneli ya WhatsApp ya mapishi na ushauri kwa akina mama wanaonyonyesha, mara mojamoja naweka taarifa kama zahanati yetu haina chanjo. Hii inakuwa "habari"? Naogopa mpaka kuandika neno zahanati.

Kalamu ya Mbao

Dada si la kijinga, ndo swali lenyewe. Kanuni zimebadilika mara kadhaa, 2018, 2020, 2022, na mkazo wa leseni umeelekezwa zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Mapishi hayana shida. Ila angalia wewe mwenyewe umeshajigawa, kuna maneno unaandika na maneno unayaacha, na hakuna aliyekuagiza. Taarifa ya chanjo kukosekana ndo ya maana kuliko yote unayoweza kuwapa hao akina mama. Endelea kuiweka, andika tarehe, andika umeona kwa macho au umeambiwa, usimtaje nesi kwa jina maana kosa la kukosekana kwa dawa si lake.

Wa Likoni

Sasa mleta uzi umetueleza ugonjwa. Dawa?

Kalamu ya Mbao

Kila kanuni ikitaka kurekebishwa wadau huwa tunaitwa kutoa maoni, na mara nyingi wanaokwenda ni wenye vyombo vikubwa, ambao kusema kweli ada ikiwa kubwa haiwaumizi sana. Twende sisi, hata kwa barua pepe. Mimi nitaomba mambo matatu na nitayaandika kwa lugha ya kawaida kabisa. Mtu binafsi asiye na waajiriwa asidaiwe leseni ya kuandika, awe analipia jina la tovuti yake basi. Amri ya kushusha andiko itoke kwa hakimu, kwa maandishi, ikitaja sentensi gani na kosa gani. Na neno "kero" na ndugu zake wote wasioeleweka waondoke kwenye orodha ya makatazo. Mwenye la nne alete.

Korosho Tupu

La nne: wasitumie posti za zamani. Kama niliandika 2016 wakati hakuna leseni, isije ikawa kosa leo. Hilo likiandikwa waziwazi, wapo wengi huku kusini ninaowajua wana madaftari yamejaa.

Sheria Kwanza

Sikubaliani na mengi ila la hakimu nalikubali. Lakini saa ngapi? Mahakama zetu zinachukua miezi, picha ya mtoto haiwezi kukaa miezi.

Kalamu ya Mbao

Hoja nzito hiyo. Kwa picha za watoto ishuke hapohapo, kesi ifuate, sina ubishi. Kwa mengine yote naomba uandike unavyoona wewe muda uwe kiasi gani, uweke hapa, Mzee wa Ilala na wengine wachangie, tuingize kwenye barua moja.

Sheria Kwanza

Naandika kesho jioni nikitoka kazini.